Kutoka Mizani hadi Sitiari: Historia Fupi ya Istilahi za Ushairi wa Kiswahili, 1954–2003

Ikisiri

Istilahi za fasihi hufundishwa aghalabu kama orodha: jina, maana, kisha mfano. Makala hii inazichunguza istilahi za ushairi wa Kiswahili kama zao la historia. Inafuatilia makundi mawili: istilahi za arudhi, kama vile beti, mizani, bahari na kina, na istilahi za tamathali za semi, kama vile sitiari, istiara, majazi na kinaya. Hoja zake ni tatu. Kwanza, istilahi zenye asili ya Kiarabu ziliingia katika Kiswahili kwa maana zilizobadilika, na mabadiliko hayo yalifuata umbo la lugha yenyewe. Pili, sehemu kubwa ya mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ilitokana na maana mbili za neno moja, yaani shairi. Tatu, vina na mizani vilipoondolewa katika fasili ya ushairi, nafasi yao ilichukuliwa na lugha ya picha, na hapo ndipo istilahi za tamathali zilipopata uzito zilio nao leo darasani. Makala inahitimisha kwa kuonyesha kwamba asili ya jina na asili ya sanaa ni maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya akiulizwa maana ya majazi, atajibu kwamba ni mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafikiana na tabia au hali yake. Msomaji wa balagha ya Kiarabu akiulizwa swali hilohilo, atajibu kwamba majazi ni neno lolote lililotumiwa nje ya maana yake ya msingi. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja katika mapokeo yake. Kati ya jibu la kwanza na la pili kuna historia ambayo vitabu vya kiada havina nafasi ya kuisimulia, na ambayo hata tahakiki za kitaaluma huipita haraka.

Historia hiyo ina uzito kwa sababu istilahi zimetumiwa kama ushahidi. Lyndon Harries, katika Swahili Poetry (1962), aliuweka ushairi wa Kiswahili ndani ya utamaduni wa Kiislamu wenye asili ya Uarabuni, na wingi wa maneno ya Kiarabu katika msamiati wa watunzi ulionekana kuuunga mkono mtazamo huo. Ibrahim Noor Shariff aliupinga kwa nguvu katika Tungo Zetu (1988), akiurudisha msingi wa tungo hizo kwa Waswahili wenyewe. Kwa hiyo swali la neno beti limetoka wapi si la kietimolojia tu. Nyuma yake lipo swali la nani mwenye ushairi.

Sehemu ya pili ya makala inaangalia istilahi za arudhi na jinsi zilivyobadilika maana. Sehemu ya tatu inarejea mwaka 1954, kanuni za utungaji zilipowekwa katika kitabu cha Kaluta Amri Abedi. Ya nne inajadili mgogoro wa ushairi na fasili mpya zilizotokana nao. Ya tano inageukia tamathali za semi.

2.0 Istilahi za Arudhi: Kilichopokewa na Kilichoachwa

Elimu ya arudhi katika Kiarabu hunasibishwa na al-Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa Basra aliyeishi katika karne ya 8. Istilahi zake nyingi zilitoka katika hema la Waarabu wa jangwani. Mstari mmoja wa shairi uliitwa bayt, yaani nyumba au hema. Nusu ya mstari iliitwa misra, jina la ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Vijenzi vidogo vya mdundo viliitwa sabab, yaani kamba, na watad, yaani kigingi. Kamba na kigingi vilitofautishwa kwa mpangilio wa silabi fupi na ndefu, na mipangilio hiyo ikijirudia kwa utaratibu maalumu ilizaa bahr, yaani bahari. Al-Khalil alizitambua bahari 15, na ya 16 iliongezwa baadaye.

Mtu akizitafuta istilahi hizi katika Kiswahili, atakuta kwamba hema limehamishwa nusu tu. Beti limo, na bahari imo. Mizani, neno la Kiarabu lenye maana ya chombo cha kupimia uzito, nayo imo. Kamba na vigingi havimo. Sababu ni ya kiisimu. Mfumo wa al-Khalil hupima urefu wa silabi, na Kiswahili hakitofautishi maneno kwa silabi fupi na ndefu kama Kiarabu kifanyavyo. Neno kitabu linatosha kuwa mfano. Katika Kiarabu silabi yake ya pili ni ndefu, na urefu huo una kazi katika mdundo wa mstari. Katika Kiswahili neno hilo lina silabi tatu zinazohesabiwa sawa: ki-ta-bu, mizani tatu. Kipimo chenyewe kikabadilika: badala ya kupima urefu, watunzi walihesabu silabi. Kwa sababu hiyo mtoto lina mizani tatu, m-to-to, na nchi lina mizani mbili, n-chi, ingawa m na n hapo hazina irabu. Hesabu hii imejengwa juu ya fonolojia ya Kiswahili, na hakuna kitabu cha arudhi ya Kiarabu ambacho kingeweza kuifundisha.

Maana ya beti nayo ilipanuka. Kwa Mwarabu, bayt ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Kwa Mswahili, beti au ubeti ni kifungu cha mistari kadhaa chenye mpangilio wake wa vina, na mara nyingi chenye wazo linalojitosheleza. Mstari ukahitaji jina jingine, ukaitwa mshororo. Bahari ilikwenda mbali zaidi, kwani ilipata maana mbili. Katika utenzi, kina cha kipande cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho huitwa kina cha bahari. Katika matumizi mapana, bahari ni aina ya utungo inayotambulishwa kwa umbo lake, idadi ya mishororo yake na mgao wa vipande vyake. Hakuna kati ya maana hizi mbili iliyo sawa na bahr ya al-Khalil, yaani mfumo wa mdundo.

Pengo lililoachwa na istilahi zisizopokewa lilijazwa na maneno ya Kibantu. Vipande vya mshororo viliitwa ukwapi, utao, mwandamo na ukingo. Mishororo ya ubeti iliitwa mwanzo, mloto, mleo na kituo. Mshororo unaorudiwa uliitwa kibwagizo, kutokana na kubwaga, au kiitikio, kutokana na kuitikia. Majina haya mawili ya mwisho yanastahili kuzingatiwa kwa makini. Kuitikia ni kazi ya hadhira. Anayeitikia yupo mbele ya malenga, anausikia wimbo, na anajua mahali pake pa kuingia. Istilahi hii haikuzaliwa katika karatasi bali katika ngoma. Malenga lenyewe lilikuwa jina la kiongozi wa nyimbo kabla halijawa jina la heshima la mshairi anayechapisha diwani.

Je, hayo yanatosha kuthibitisha kwamba ushairi wenyewe haukutoka Uarabuni? Hayatoshi. Upo ushahidi unaoelekea upande mwingine. Mpangilio wa vina wa utenzi, ambapo vipande vitatu hulingana na cha nne hufunga kwa kina cha bahari, unafanana sana na umbo la Kiarabu liitwalo musammat. Takhmisa, yaani utungo wa mishororo mitano, inalingana kwa jina na kwa utaratibu na takhmis ya Kiarabu, ambapo mtunzi huongeza mistari yake juu ya mistari ya mwenziwe. Takhmisa ya Liongo ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ni mfano mashuhuri. Kadhalika, jina la Kibantu halithibitishi asili ya Kibantu ya kinachotajwa, kwa kuwa watu huweza kukipa kitu kigeni jina la nyumbani.

Kinachothibitika ni jambo dogo zaidi lakini imara zaidi. Watunzi wa pwani walikijua chanzo, wakachagua, na walichokichagua wakakifanyia kipimo kingine. Mwenye kudai kwamba mizani ni ya Kiarabu kwa sababu neno ni la Kiarabu, na mwenye kudai kwamba kiitikio ni cha Kibantu kwa sababu neno ni la Kibantu, wote wawili wanatoa hitimisho moja lisilofuata kutokana na hoja yao.

3.0 Mwaka 1954: Kanuni Zinapoandikwa

Kwa muda mrefu istilahi hizi zilikuwa mali ya watu waliofundishana ana kwa ana. Mtunzi alijifunza kwa kusikiliza, kwa kunakili miswada, na kwa kukosolewa na waliomtangulia. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitungwa katika mazingira ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Yalihifadhiwa kwa kumbukumbu za watu na kwa juhudi za Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, hadi William Hichens alipoyachapisha mwaka 1940. Muyaka hakuhitaji kumweleza jirani yake wa Mvita mizani ni nini.

Hali ilibadilika Kiswahili kilipoenea bara. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na miongoni mwa wasomaji hao wengi hawakuzaliwa pwani. Mathias Mnyampala, ambaye baadaye aliipa sura ya maandishi bahari ya ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kaluta Amri Abedi alikuwa mtu wa Ujiji. Watunzi wa namna hii walikijua Kiswahili vizuri, lakini walikuwa mbali na mabaraza ambamo kanuni za utungaji zilikuwa zikisikika bila kutajwa. Walihitaji mwalimu anayeweza kusafiri kwa posta.

Mwalimu huyo alikuwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha Abedi kilichotolewa na Eagle Press mwaka 1954. Mwandishi wake alikuwa sheikh na mtunzi, na baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria; alifariki mwaka 1964. Kitabu kilieleza mizani, vina, mishororo na aina za tungo kwa lugha ambayo mtu aliye peke yake na kalamu angeweza kuifuata. Thamani yake katika historia ya istilahi ni kubwa, kwani maneno yaliyokuwa yakitumiwa kwa mazoea sasa yalipata fasili zilizochapwa.

Hata hivyo, kuandika kanuni kulikuwa na matokeo ambayo huenda mwandishi hakuyakusudia. Neno shairi katika mabaraza ya pwani lilikuwa na maana finyu: bahari moja miongoni mwa bahari nyingi, yaani utungo ambao kwa kawaida una mishororo minne katika ubeti, vipande viwili katika mshororo, na mizani nane katika kipande. Utenzi haukuwa shairi. Wimbo haukuwa shairi. Wawe, kimai, gungu na utumbuizo, kila kimoja kilikuwa na jina lake na mahali pake. Abedi aliyaweka shairi, utenzi na wimbo pamoja, akashikilia kwamba kinachoyaunganisha ni kuimbika, na kwamba utungo usioimbika hauna maana. Kwa kufanya hivyo alilipanua jina shairi likawa mwavuli wa tungo zote, huku sheria alizozifafanua zikiwa hasa zile za shairi kwa maana yake finyu na za jamaa zake wa karibu.

Jina likawa pana na sheria zikabaki finyu. Kwa miaka 20 tofauti hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu karibu kila aliyechapisha alitunga kwa vina na mizani. Shaaban Robert na Mnyampala walizifanyia kanuni hizo kazi za kila aina, kuanzia mawaidha hadi siasa ya taifa jipya. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kijulikanacho kama UKUTA, kilizilea. Tatizo lililokuwa limejificha katika neno shairi lilikuwa linangoja mtunzi wa kulitoa nje.

4.0 Mgogoro wa Ushairi na Fasili Mpya

Mtunzi huyo alikuwa Euphrase Kezilahabi. Diwani yake ya Kichomi ilitoka mwaka 1974, ikiwa na utangulizi ulioutetea uamuzi wa kuacha vina na mizani na kukaribia lugha ya mazungumzo. Ebrahim Hussein naye, pamoja na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, walitunga nje ya arudhi au pembezoni mwake. Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, miaka mitano baada ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir. Majina hayo mawili yakiwekwa pamoja, hoja inaonekana kabla kitabu hakijafunguliwa: cheo cha malenga, kilichokuwa cha pwani, sasa kilidaiwa na bara pia.

Mjadala uliofuata ulizalisha istilahi zake. Waliozitetea kanuni waliitwa wanamapokeo. Waliozikataa waliitwa wanamabadiliko au wanamapinduzi. Utungo mpya uliitwa shairi huru na upande mmoja, na guni na upande mwingine. Tofauti kati ya majina hayo mawili ni hukumu. Guni katika mapokeo ni shairi lenye kasoro, lililokusudia kutimiza arudhi likashindwa. Kuliita shairi la Kezilahabi guni ni kudai kwamba mtunzi alijaribu akakosea. Kuliita huru ni kudai kwamba alifungwa akajifungua. Jina la tatu, mavue, lililoingia katika vitabu vya shule, lilikuwa na faida ya kutobeba hukumu yoyote kati ya hizo mbili.

Mgogoro huu umeelezwa mara nyingi kama vita ya wazee na vijana, au ya pwani na bara, au ya mapokeo na elimu ya Ulaya. Maelezo hayo yote yana ukweli ndani yake. Ukiangaliwa kwa upande wa istilahi, hata hivyo, sehemu yake kubwa inafunguka kwa ufunguo mwingine. Wanamapokeo waliposema kwamba tungo za Kichomi si mashairi, walikuwa sahihi kwa maana finyu ya neno. Kwa maana hiyohiyo, utenzi nao si shairi, na hakuna aliyeutukana utenzi kwa hilo. Wanamabadiliko waliposema kwamba ni mashairi, walikuwa wakitumia maana pana, ile ambayo Abedi mwenyewe alikuwa ameifungulia mlango. Pande zote mbili zilikuwa na hoja halali kuhusu vitu viwili vilivyoitwa jina moja.

Suluhisho mbili zilipendekezwa, na zilikwenda njia tofauti. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waliubadilisha msingi wa fasili. Vina na mizani, kwao, ni desturi na mapambo yanayoweza kuwepo au kukosekana. Kinachoupambanua ushairi ni mpangilio maalumu wa maneno teule, wa mkato, unaotumia lugha ya picha, sitiari au ishara ili kugusa hisi. Shariff, katika Tungo Zetu, alichukua njia ya pili. Kichwa kidogo cha kitabu chake kinataja mashairi na tungo nyinginezo. Neno tungo likafanywa mwavuli, na shairi likarudishwa mahali pake pa zamani, bahari moja kati ya nyingi. Kwa mpango huo mtunzi mpya angekuwa huru kutunga apendavyo, mradi asilichukue jina la mwenziwe.

Pendekezo la Shariff lilikuwa na usahihi wa kihistoria. Lile la Mulokozi na Kahigi lilikuwa na bahati ya kufika wakati vyuo na shule zilihitaji fasili moja itakayowatosha Muyaka, Shaaban Robert na Kezilahabi ndani ya mtaala mmoja. Lilishinda. Neno ushairi, likiwa na kiambishi u- cha dhana, lilichukua maana pana bila kulazimika kugombana na shairi. F. E. M. K. Senkoro alipochapisha Ushairi: Nadharia na Tahakiki mwaka huohuo wa 1988, uwanja uliokuwa ukijadiliwa ulikuwa tayari na jina hilo.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Katika fasili ya Abedi kiini kilikuwa kuimbika, jambo la sikio na koo, lenye hadhira inayoitikia. Katika fasili ya 1979 uzito mkubwa uliwekwa juu ya picha, jambo la fikra, ambalo msomaji aliye peke yake chumbani anaweza kulikamilisha. Hakuna aliyetangaza kwamba sauti imeondolewa katika ushairi, na watunzi wa Kunga wasingekubali kwamba waliiondoa. Lakini fasili huongoza maswali ya mtihani. Tangu hapo mwanafunzi aliulizwa kwa bidii zaidi aonyeshe tamathali, na vina vikabaki vya kuhesabiwa.

5.0 Tamathali za Semi: Jina la Kiarabu, Dhana ya Darasani

Lugha ya picha ilipofanywa kiini, ilihitaji majina. Vitabu vya uhakiki vya miaka ya 1970 na 1980, pamoja na majarida ya Mulika na Kiswahili, vilifanya kazi kubwa ya kuyaeneza. Mengi yalitoka katika balagha ya Kiarabu, elimu ambayo Abd al-Qahir al-Jurjani aliikuza katika karne ya 11 na al-Qazwini akaifupisha katika karne ya 14. Njia ya kuingia, hata hivyo, haikufanana na ile ya beti na mizani. Istilahi za arudhi ziliingia pamoja na utendaji, kwa watunzi waliokuwa wakisoma Kiarabu na kutunga Kiswahili. Istilahi nyingi za tamathali zilitafutwa na wahakiki waliokuwa tayari na dhana mkononi, dhana walizozipata katika masomo ya fasihi kwa Kiingereza, wakawa wanahitaji jina la kuzivika.

Pale ambapo dhana mbili zilikaribiana, hapakuwa na tatizo. Tashbihi ni kufananisha kwa kutumia kiunganishi cha ulinganisho, katika Kiarabu na katika Kiswahili. Takriri ni kurudiarudia. Tashihisi ni kukipa uhai wa kibinadamu kisicho binadamu. Matatizo yalitokea pale ambapo uwanja wa dhana uligawanywa tofauti.

Sitiari na istiara ni mfano wa kwanza. Yote mawili ni neno moja la Kiarabu, istiara, lenye maana ya kuazima: jina la kitu limeazimwa na kupewa kingine. Kiswahili kilipokea maumbo mawili, moja likiwa limebaki karibu na asili, jingine likiwa limepunguzwa kwa mazoea ya matamshi. Baadhi ya waandishi waliyatumia kwa maana moja. Wengine walitumia fursa hiyo kuyagawia kazi: sitiari ikawa ulinganishi wa moja kwa moja ndani ya sentensi, na istiara ikawa kazi nzima inayosimulia jambo moja huku ikimaanisha jingine. Kwa mgawanyo huo Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), hadithi ya nchi iliyo angani inayosomwa kama tahakiki ya utawala wa duniani, ni istiara yenye sitiari ndani yake. Al-Jurjani asingeutambua mgawanyo huu, lakini ni wenye manufaa, na umetokana na ajali ya matamshi.

Majazi ni mfano wa pili. Katika balagha ni jina pana linalofunika kila matumizi yasiyo ya maana ya msingi, istiara ikiwa tawi lake mojawapo. Katika vitabu vya Kiswahili hali iligeuka. Sitiari ilikua ikawa mama, na majazi yakasukumwa pembeni yakatafutiwa kazi maalumu. Katika baadhi ya vitabu yakawa jina la kutaja kitu kwa kingine chenye uhusiano nacho. Katika mapokeo ya shule nchini Kenya yakawa jina la wahusika wanaoitwa kwa sifa zao, kama Karama na Majivuno wa Kusadikika hiyohiyo. Jina lililokuwa la jenasi limekuwa la spishi.

Kinaya ni mfano wa tatu na ndio mgumu zaidi. Katika balagha, kinaya ni kusema jambo kwa kutaja linaloambatana nalo, bila kuzuia maana ya moja kwa moja. Hakuna kejeli ndani yake. Katika uhakiki wa Kiswahili kinaya ni hali ambapo kinachosemwa au kinachotokea ni kinyume cha kinachotarajiwa. Huenda neno la balagha lilikutana njiani na neno jingine lililokuwa tayari katika Kiswahili, kinaya cha kukinai, lenye maana ya kujitosheleza na hata kiburi. Mtu mwenye kinaya cha aina hiyo husema asichomaanisha, au humsemesha mwenziwe kwa dharau. Vyovyote iwavyo, anayekwenda katika kamusi ya Kiarabu kutafuta ufafanuzi wa kinaya kwa ajili ya uhakiki wa riwaya ya Kiswahili atapotea.

Mifano hii mitatu haina budi kuwekwa kando ya wa nne ulio kinyume nayo. Kwa kutia chumvi kupita kiasi, balagha ina mubalagha, na neno hilo lilipata watumiaji katika Kiswahili. Lakini jina lililoota mizizi ni chuku. Chuku ni pembe ya mwumishi, ile inayobandikwa mwilini ili kufyonza damu, na mahali ilipobandikwa huvimba. Kupiga chuku ni kulifanya jambo livimbe. Istilahi hii haikuagizwa na mhakiki. Ilikuwa katika vinywa vya watu, ikiwa na tamathali yake yenyewe ndani, na wahakiki waliipokea. Mwanafunzi akishaiona pembe hahitaji kukariri fasili.

Kufikia mwisho wa karne ya 20, wingi wa majina, na wingi wa maana kwa jina moja, ulikuwa umeleta haja ya kupangwa. Kazi ya K. W. Wamitila, Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia (2003), iliitikia haja hiyo kwa kuziweka istilahi za arudhi, za tamathali na za nadharia za kisasa katika mpangilio mmoja wa alfabeti. Alfabeti ina haki yake: beti, chuku, istiara na mizani zinakaa kwa amani. Jambo moja ambalo alfabeti haiwezi kulionyesha ni kwamba maneno hayo hayakufika pamoja, wala kwa mlango mmoja, na kila moja lilipofika lilikuta mjadala ambao umekwisha au unaanza.

6.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa ina hatua tatu. Katika ya kwanza, watunzi wa pwani walipokea baadhi ya majina ya arudhi ya Kiarabu, wakayaacha mengine, na yale waliyoyapokea wakayapimia silabi za lugha yao. Katika ya pili, kuanzia 1954, majina hayo yalipewa fasili za maandishi kwa ajili ya watunzi wa nchi nzima, na neno shairi likapanuliwa kuliko sheria zake, jambo lililoandaa mgogoro wa miaka ya 1970. Katika ya tatu, fasili ya ushairi ilihamishwa kutoka kuimbika hadi lugha ya picha, na istilahi za tamathali zikaongezeka ili kuihudumia fasili hiyo.

Matokeo mawili yanafuata. La kwanza linahusu mjadala wa asili. Istilahi peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa kigeni wala kwamba ni wa kienyeji. Inaweza kuthibitisha kitu kingine: kwamba waliozitumia walikuwa wakifanya maamuzi. Kuacha kamba na kigingi na kubaki na hema ni uamuzi. Kuigawa istiara mara mbili ni uamuzi. Utafiti unaotafuta asili ungefaidika zaidi kwa kuyachunguza maamuzi hayo kuliko kuhesabu maneno ya mkopo.

La pili linahusu ufundishaji. Ukiulizwa ubeti una mizani ngapi, swali hilo linaweza kujibiwa na asiyewahi kuusikia ukiimbwa. Kiitikio hakijibiki hivyo. Jina lake bado linamngoja mtu wa pili, na darasa linalolitaja bila kuitikia limelifundisha nusu. Watunzi wa mabadiliko walikuwa na haki ya kudai kwamba ushairi si hesabu ya silabi. Wanamapokeo nao walikuwa na haki ya kuuliza sauti imekwenda wapi. Swali la pili bado halijapata jibu katika fasili zinazotumika leo, ingawa istilahi za kulijibu zimekuwapo katika lugha muda wote.